Kutoka Kukariri Hadi Kusoma: Jinsi Kwaya Yetu Ilivyojifunza Solfa



Wapendwa, tunapoadhimisha jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu hapa Londiani, orodha za viongozi na za nyimbo mtazipata katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tunaomba kuwasimulia jambo ambalo halionekani siku ya Jumapili: jinsi tulivyojifunza kusikia na kusoma muziki, na jinsi tulivyokaribia kuvunjika tukijifunza.

Tulipokuwa tukikariri

Miaka ya mwanzo hatukujua solfa. Mwalimu wetu aliimba mstari, nasi tukaurudia, sauti ya kwanza hadi ya nne, mpaka ukashika. Tuliimba vizuri na watu walitusifu. Lakini kila wimbo ulikaa kichwani mwa mtu mmoja. Alipohamishwa kikazi wiki chache kabla ya Pasaka, tulibaki na faili lililojaa nyimbo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzisoma. Pasaka ile tuliimba nyimbo za zamani tu. Katikati ya Utukufu besi walipotea, tena wakawafuata, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akaushikilia wimbo peke yake mpaka sote tukarudi.

Solfa ilikotoka

Mwalimu aliyekuja baadaye alituambia kwamba shida yetu si mpya. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alizipa sauti majina ili waimbaji wajifunze wimbo wasioujua bila kungoja kuimbiwa. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitengeneza njia ya kuandika majina hayo kwa herufi. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull ulimpa mchungaji John Curwen kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Akaichukua njia ya Glover na kuiboresha.

Solfa ilienea Afrika kwa sababu haikuhitaji kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Herufi d, r, m, f, s, l, t zinatosha; nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari huendeleza sauti. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake sasa ni wimbo wa taifa wa Tanzania, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa lugha zetu katika Misa, watunzi wa Tanzania kama John Mgandu na Padre Gregory Kayeta walitunga nyimbo nyingi za Kiswahili, na kwaya za Kenya zikazipokea. Nyimbo za aina hiyo ndizo zilizojaza lile faili letu.

Kosa letu

Tulijifunza kwa pupa. Kamati ilikubaliana kwamba kila mwanakwaya afanye mtihani wa kusoma solfa, na atakayeshindwa asiimbe katika sikukuu. Vijana walipita. Wazee watano walishindwa, wakaacha kuja mazoezini. Mmoja wao alikuwa yule mama aliyetuokoa Pasaka.

Tulipomtembelea nyumbani, alitupa chai, akatuambia, "Herufi zenu sizijui. Lakini mtu akipotea, mimi namsikia kabla yeye mwenyewe hajajua." Tulirudi tumeinamisha vichwa. Tulikuwa tumepima macho na kuyaacha masikio.

Sikio kwanza

Ukweli ni kwamba sikio lilikuwepo nchi hii kabla ya karatasi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet kurekodi muziki wa Wakipsigis, wasichana walimwimbia "Chemirocha", wimbo juu ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri tu. Hawakuwa na noti wala mwalimu. Walisikiliza, wakatengeneza wimbo wao.

Basi tulifuta mtihani na kuanza upya. Nyimbo nyingi za kienyeji tulizolelewa nazo zina sauti tano: do, re, mi, so, la. Tulianza na hizo, bila karatasi: mwalimu anaimba, sisi tunataja jina la sauti. Wazee walitushinda. Kisha tukaongeza fa na ti, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini tulikuwa tukiharibu nyimbo miaka yote ile. Kutoka mi hadi fa, na kutoka ti hadi do, ni hatua fupi, nusu ya zile nyingine. Sisi tulikuwa tukiruka hatua nzima, fa inapaa juu, na wimbo mzima unapoteza ufunguo. Sikio lilipoizoea hatua hiyo, herufi zikawa rahisi, kwa sababu sasa kila herufi ilikuwa jina la kitu tulichokwisha kukisikia.

Wazee wanne walirudi. Wa tano hakurudi, na tunatumia nafasi hii kumwomba msamaha.

Hadi leo

Tena na besi wetu wengi ni wanafunzi wa Chuo cha Misitu. Wakimaliza masomo, wanaondoka. Zamani kila kundi lilipoondoka tulianza tena kukariri. Siku hizi anayekuja anajifunza kusikia, kisha kusoma, na anayeondoka anauacha wimbo kwenye karatasi kwa wenzake. Wimbo uliotuchukua mwezi sasa hutuchukua jioni mbili au tatu. Nusu pigo bado linatushinda. Mtalisikia leo, mtuvumilie.

Yule mama bado yuko sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Mpaka sasa hasomi solfa. Tukimaliza kusoma wimbo mpya, mwalimu humgeukia yeye kwanza, naye hutuonyesha kwa kidole nani amepotea.

Wazazi, tunawaomba mtuletee watoto Jumamosi. Waje na masikio tu, karatasi tunazo.



Katibu, kwa niaba ya Kwaya