Risiva ya homu thieta: tazama mgongo wake kabla hujalipa

Ukipita katika maduka ya vifaa vya umeme hapa Pwani utakutana na maboksi ya homu thieta yaliyoandikwa maelfu ya wati kwa herufi kubwa. Wengi wetu hununua kwa kutazama maandishi hayo. Mzigo ukifika nyumbani na kuunganishwa na runinga, sauti inatoka spika mbili za mbele, tatu zilizobaki zinakuwa pambo la sebule. Fundi anaitwa, spika zinalaumiwa, pesa nyingine zinatoka. Mara nyingi tatizo halipo kwenye spika. Lipo nyuma ya mashini, kwenye matundu ambayo hakuna aliyeyatazama dukani.

Kazi ya risiva

Risiva ndiyo inayoongoza mfumo wote. Hupokea picha na sauti kutoka dikoda, deki au kompyuta. Hufungua sauti iliyopangwa kwa mfumo kama Dolby Digital au DTS na kuipa kila spika fungu lake. Kisha hulipa kila fungu nguvu ya kutosha kusukuma spika. Uzuri wake ni kwamba spika ikiharibika unabadilisha hiyo moja tu.

Nambari 5.1 maana yake ni spika tano na sabwufa moja: mbili za mbele, moja ya kati inayobeba mazungumzo, na mbili za ubavuni nyuma kidogo ya msikilizaji. 7.1 huongeza mbili za nyuma. Ukiona 5.1.2, ile 2 ya mwisho ni spika za juu kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo ulioanza katika majumba ya sinema mwaka 2012 na kuingia majumbani kuanzia 2014. Kwa sebule ya kawaida, 5.1 iliyopangwa vizuri inatosha.

Wati za kweli na wati za boksi

Maelfu ya wati kwenye boksi kwa kawaida ni kipimo cha PMPO, ambacho hakina kanuni moja inayokubalika. Kila mtengenezaji hujiandikia atakavyo. Tafuta wati za RMS kwa kila chaneli, zilizopimwa kwa omu 8, na uone zilipimwa chaneli ngapi zikifanya kazi pamoja. Risiva yenye wati 80 za kweli kwa kila chaneli hujaza sebule bila taabu.

Tazama pia omu za spika. Risiva iliyoandikwa omu 6 hadi 16 ikifungwa spika za omu 4 inaweza kupata joto kupita kiasi, kujizima, na hata kuungua.

Matundu ya nyuma

HDMI ndiyo njia kuu, maana hubeba picha na sauti kwa waya mmoja. Hesabu vifaa vyako kwanza, kisha hesabu matundu ya kuingizia. Kama runinga yako ni ya 4K, hakikisha risiva inapitisha 4K na ina HDCP 2.2, la sivyo baadhi ya filamu hazitaonekana.

Tundu la HDMI lenye alama ya ARC hurudisha sauti ya runinga kwenye risiva. Waya lazima utoke tundu la ARC la runinga uingie tundu la ARC la risiva. Tundu jingine halifanyi kazi hiyo. eARC ni toleo jipya zaidi, lenye uwezo wa kubeba hata sauti isiyobanwa.

Tundu la optiki hupitisha sauti kwa mwanga. Linafaa kwa runinga isiyo na ARC na hubeba 5.1 ya Dolby Digital, lakini si mifumo mikubwa zaidi. Matundu mekundu na meupe ya RCA hubeba sauti ya pande mbili tu.

Basi kwa nini spika za nyuma hunyamaza? Mara nyingi runinga imewekwa itoe sauti ya PCM, ambayo kupitia ARC au optiki huwa ya pande mbili. Ingia mipangilio ya sauti ya runinga, chagua Bitstream au Pass Through. Pia hakikisha kipindi chenyewe kimerekodiwa kwa 5.1, kwani vingi havijarekodiwa hivyo.

Nyaya za spika zina nyekundu na nyeusi. Ukizigeuza kwenye spika moja, besi hupotea. Waya wa shaba wa milimita 1.5 unatosha kwa mita 10. Zaidi ya hapo tumia 2.5.

Umeme na hewa ya bahari

Hapa ndipo watu hupoteza mashini nzima. Umeme wetu ni volti 240. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja huungua papo hapo na inaweza kuleta moto. Soma kibandiko cha nyuma. Kama imeandikwa 100 au 120 tu, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme inayobeba wati zote za mashini, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya bei.

Chumvi ya bahari nayo hula shaba. Ncha za waya zikigeuka kijani, kata na uchune upya. Acha nafasi juu ya risiva ipumue, na kile kitambaa kizuri cha kufumwa kitandikwe kwingine.

Kupanga spika

Spika za mbele ziwe nyuzi 30 kutoka katikati, kushoto na kulia kwa msikilizaji, na zile za ubavuni kama nyuzi 110. Risiva nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Iweke mahali unapokaa, nyamazisha nyumba, uiache ifanye kazi. Kwa kuwa nyumba zetu zimebanana na besi hupenya kuta, tafuta mpangilio wa usiku. Hupunguza milipuko na kuacha mazungumzo yasikike, nawe ukabaki na ujirani mwema.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aigeuze mashini. Soma volti, hesabu matundu ya HDMI, tafuta alama ya ARC, soma omu, kisha omba aiwashe na spika zote zisikike. Muuzaji akikataa kuigeuza, nenda duka la pili.