Chupa za Jericho na Umri Wake

Udongo wa Eastlands, Nairobi, ni mfinyanzi mweusi, hufura masika na kupasuka nyufa za kumeza mkono kiangazi kikikaza. Kitu kilichofukiwa humo hakitulii. Hutumbukia ufani, kisha udongo ukivimba husukumwa kwingine. Kwa hiyo chupa ikitoka mafundi wakichimba mtaro wa maji taka mtaani Jericho, kina cha shimo si shahidi wa kutegemewa. Chupa yenyewe ndiyo ya kuhojiwa.

Anza na mshono. Chupa iliyoumbwa katika kalibu ya vipande viwili hubaki na mstari mwembamba ubavuni, pale vipande vilipokutana. Pitisha ukucha kutoka begani kwenda juu. Mstari ukipotea shingoni, kwa kawaida mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi ukingoni, hiyo ni kazi ya mashine, na mashine iliyoeneza kazi hiyo ni ya Michael Owens wa Ohio, Marekani, iliyopata hataza mwaka 1904. Mdomo wa kushika kizibo cha bati chenye meno hautangulii 1892, mwaka wa hataza ya William Painter.

Lakini yote haya hukuambia chupa ilizaliwa lini, si lini ilitupwa. Jericho ni mtaa uliojengwa na halmashauri ya jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, na upande wa Lumumba una jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Chupa ya miaka ya 1930 ikipatikana nyuma ya jiko, usikimbilie kusema ni ya wenye shamba la Doonholm la enzi ya ukoloni. Huenda ilihamia na mpangaji ikiwa na mafuta ya taa, ikatumika hadi ikapasuka.

Jambo linalonigusa zaidi ni chupa zisizoonekana. Kenya Breweries ilianza 1922, na bia yake ya kwanza ikapelekwa Hoteli ya Stanley Desemba hiyo. Tangu hapo Nairobi imekunywa chupa zisizohesabika, ila nzima ni chache ardhini, kwa sababu chupa ya bia au soda ilikuwa na pesa yake dukani. Zilizobaki zilifuatwa mlangoni na wachuuzi wenye mwito wa “chupa na debe!” Walionunua na kuuza tena walitunyima ushahidi, ingawa waliilisha mitaa. Ardhi imebakiwa na zile zisizo na mnunuzi: za dawa ya kikohozi, za wino, za mafuta ya nywele. Anayehesabu vioo bila kujua biashara hiyo atawaandikia wakazi maisha yasiyo yao.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Nairobi yenyewe ni ya 1899. Chupa za Jericho karibu zote hazikingwi na kigezo hicho, na mipango ya kubomoa nyumba kuukuu za mtaa huo ili kupandisha ghorofa imekuwa ikisemwa kwa miaka.

Basi chupa ikitoka, isioshwe upesi. Mabaki yaliyoganda kitakoni huweza kueleza matumizi ya mwisho. Andika namba ya nyumba iliyokuwa jirani na shimo, na vilivyotoka pamoja nayo: kifungo, sarafu, kipande cha sahani. Sarafu ina mwaka.