Vitabu vya Dini vya Kwanza katika Nchi ya Chai

Mwaka 1905 mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alifungua misheni Lumbwa, katika eneo la Kericho nchini Kenya, karibu na reli. Mahali hapo leo panaitwa Kipkelion. Vituo vya misheni vya Litein na Tenwek vilifuata. Misheni zilihitaji vitabu, na kuchapa kitabu siku hizo kulikuwa kazi ya mikono na subira. Mpangaji wa chapa aliokota herufi za risasi mojamoja, akazipanga kinyume ili zisomeke sawa karatasini, kisha zikapakwa wino kwa rola. Ukurasa ukishachapwa, herufi zilirudishwa sandukuni zitumike tena.

Biblia nzima ya Kinandi ilitoka 1939. Tafsiri yake iliongozwa na Stuart Bryson wa Africa Inland Mission, akifanya kazi na Wanandi ambao majina yao hayatajwi inavyostahili. Wakipsigis wa Kericho waliisoma hiyohiyo, kwa kuwa lugha yao na Kinandi zinakaribiana sana.

Katika misheni hizo darasa la ubatizo lilikuwa pia darasa la kusoma, na kusoma kulikuwa na faida nje ya kanisa: mashamba ya chai yaliyoenea Kericho tangu miaka ya 1920 yalihitaji makarani. Baadaye Biblia ya Kikalenjin, iliyokusudiwa jamii zote za Wakalenjin, wakiwemo Wanandi na Wakipsigis, ilitoka 1969.