Sufuri kumi na moja nyuma ya franga moja

Msikilizaji wa Kasongo na Kabambare, kama mzazi wako alibakisha noti za zaire ndani ya sanduku, hesabu yake ni hii. Tarehe 22/10/1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3.000.000. Tarehe 30/6/1998, franga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Zidisha: franga moja ni zaire za zamani 300.000.000.000, ni kusema miliari mia tatu.

Ukivunja namba hiyo mpaka mwisho, unakuta 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 mara moja tu. Kwa hiyo kuna namba 288 zinazoigawa bila kubakisha kitu. 7 haimo: watoto saba wakigawana, inabaki 1.

Noti kubwa kabisa, ile ya 1992, ilikuwa ya zaire 5.000.000. Franga moja inaomba noti hizo 60.000. Ukihesabu moja kila segonde, utamaliza kisha saa 16 na dakika 40. Mzazi aliyefungia noti kama hizo 1.000, kwa hesabu hiyo hata santimu mbili hazitimii.