Habari za Wafua Chuma wa Ufipa na Kazi ya Kutengeneza Vyombo vya Shamba

Katika kitabu hiki cha jubilei yameandikwa mengi juu ya maaskofu na mapadre, juu ya makatekista waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji, na juu ya makanisa yaliyojengwa kwa taabu nyingi. Ni haki yao. Lakini yuko mtu mmoja ambaye haandikwi popote, ingawa bila yeye shamba halilimwi, gari la ng'ombe haliendi, wala mlango wa kanisa hauna bawaba. Mtu huyo ni mhunzi. Nimekaa miaka mingi hapa Kaengesa nikifundisha watoto, na kila mwaka mvua zinapokaribia nimeona jinsi watu wanavyoiendea nyumba yake alfajiri, huyu amebeba plau begani, yule anavuta gurudumu. Basi nataka kueleza habari za kazi yake tangu zamani, maana historia yake ni ndefu kuliko ya misioni yenyewe.

Wapadre Weupe walipoichukua Karema mwaka 1885 kutoka kwa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hawakuikuta nchi isiyojua chuma. Juu ya uwanda huu wetu, uliopakana na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Rukwa upande wa mashariki, Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma tangu siku za mababu. Tanuru lao kubwa liliitwa ilungu, nayo yakiwa mengi, malungu. Lilijengwa kwa udongo, kimo chake kikimpita mtu mrefu sana, kiasi cha mita 3. Chini lilizungukwa na matundu yaliyotiwa mirija ya udongo, na ndani lilipangwa mkaa na mawe ya chuma. Jambo la ajabu ni hili: ilungu halikuvukutwa. Moto ukikolea, hewa ya moto hupanda juu kwa nguvu, na hewa baridi huvutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Watu wale hawakusoma kitabu cha fizikia, lakini walijua kwamba tanuru likiwa refu, pumzi yake huwa kubwa.

Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kimechanganyika na mavi ya chuma. Kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo sana, liitwalo kintengwe. Hilo sasa lilivukutwa kwa mivukuto, nacho chuma kikasafika. Ndipo kikaenda mahali pa tatu, kwa mhunzi mwenye nyundo, akakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi tatu, mioto mitatu. Na majembe hayo hayakuwa ya mchezo, kwa sababu kilimo cha Mfipa kilihitaji chuma chenye nguvu. Sisi ndio watu wa ntumba: majani hufunikwa kwa udongo katika matuta makubwa ya mviringo wakati ardhi imelowa, yaoze humo, na mwaka unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukapandwa juu ya mbolea ile. Kuugeuza udongo wenye mizizi ya nyasi hivyo, mchana kutwa, si kazi ya jembe dhaifu.

Wazee wa malungu walikuwa na miiko yao. Tanuru walilihesabu kama bibi arusi, wakalipamba, na siku za kuyeyusha walijitenga na wake zao. Dawa ziliwekwa chini ya tanuru kabla ya moto kuwashwa. Mambo hayo yaliwasumbua mapadre wa kwanza, na mmoja wao, Padre Wyckaert, aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1914 katika jarida liitwalo Anthropos, juu ya wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo wa Tanganyika. Jina la makala hiyo peke yake latuonyesha jambo: kabla ya vita kuu ya kwanza walikuwako tayari wahunzi waliobatizwa, na kazi yao haikukoma kwa ubatizo.

Ilikoma kwa sababu nyingine. Majembe ya Ulaya yaliletwa madukani, mepesi na rahisi, na mtu aliyelipwa fedha kidogo aliweza kulipata bila kungoja msimu wa malungu. Kukata miti ya mkaa, kuchimba mawe, kujenga tanuru na kukesha nalo, hayo yote yakaonekana ni taabu bure. Mwaka 1937 Bwana Greig aliandika habari za uyeyushaji wa Wafipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na wakati huo kazi hiyo ilikuwa inakwisha kabisa. Upande wa Nkansi malungu kadhaa yamebaki yamesimama msituni, na watoto wachungao mbuzi hukimbilia humo mvua ikinyesha. Elimu ya vizazi vingi ilizimika katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Nakiri kwamba nikifikiri juu ya hilo huona uchungu, maana wenye kujua walikuwako, na shule zilikuwako, na ni wachache mno waliokwenda kuwauliza.

Lakini angalia: wa kwanza na wa pili katika mioto ile mitatu ilizimika, wa tatu haukuzimika. Mhunzi aliyekosa chuma cha ilungu alitafuta chuma kingine. Akakipata katika springi za malori yaliyokufa njiani, katika vipande vya reli, katika majembe yaliyokwisha makali. Na kazi yake ikageuka. Zamani alitengeneza kitu kipya. Sasa zaidi alirudisha uhai katika kitu kilichovunjika. Watu wengine hudhani kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko ile. Mimi sidhani. Mwenye kufua kitu kipya huchagua chuma chake mwenyewe, lakini mwenye kutengeneza hupewa chuma kilichochaguliwa na mtu wa Ulaya au wa China ambaye hakumwona kamwe, naye lazima akitambue. Hukigusa kwa tupa: tupa ikiuma ni chuma laini, ikiteleza ni pua. Hukigonga na kusikiliza. Akikosea, kazi yote hupasuka mbele ya mwenye mali.

Plau ya ng'ombe ilipoenea Ufipa, na zaidi baada ya uhuru kiwanda cha Ubungo kule Dar es Salaam kilipoanza kutengeneza zana za kilimo, mhunzi alipata mgonjwa wake mkubwa. Ugonjwa wa plau nitaueleza kidogo, kwa kuwa walimu wengi hununua plau na hawaujui. Ile ncha ya mbele ikatayo ardhi lazima iiname chini kidogo sana, chini ya unene wa kidole. Hapo plau hujizamisha yenyewe, na mkulima huongoza tu. Ncha ikilika kwa mchanga na mawe, mwinamo ule hupotea. Basi plau huelea juu ya udongo, mkulima huikandamiza kwa mikono siku nzima, na ng'ombe huvuta kwa taabu bila kulima. Wengi huwapiga ng'ombe. Kosa si la ng'ombe.

Mhunzi huifungua ncha, huitia motoni hata iwe nyekundu ya kung'aa, huiweka juu ya fuawe na kuivuta kwa nyundo, akiurudisha ule mwinamo. Ikiwa imelika mno huunga kipande cha springi mbele yake. Kisha huichovya majini, lakini si yote wala si kwa muda mrefu: ikipoa ghafula nayo ni pua, huwa ngumu kama kioo na huvunjika kwenye jiwe la kwanza. Kwa hiyo huitoa, hungoja joto lililobaki lirudi kwenye makali, hutazama rangi zinazotembea juu ya chuma, manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na rangi aitakayo ikifika huizima. Hana kipima joto. Rangi ndiyo kipimo.

Elimu hiyohiyo, kwa ukubwa mwingine, yaonekana ziwani. Watu wetu wa Kirando, Kipili na Kasanga wote waijua meli Liemba. Wadachi waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaileta kwa masanduku kama 5,000 hadi Kigoma, nayo ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916, Wadachi walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa amri hiyo walizipaka mashine grisi nene kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliona kwamba mashine na matangi ya mvuke vyafaa bado, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa upande wetu wa kusini. Miaka minane chini ya maji, na grisi ikalinda chuma! Mwenye trekta alilale nje masika yote bila kifuniko na aifikirie meli hiyo.

Kinyume chake kilitokea Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mashine nyingi zilinunuliwa kuukuu, masalio ya vita, nyingine zikitoka Ufilipino. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji na mchanga wake hula chuma kama msasa, na mizizi ya miti ilivunja vyuma vya kulimia. Matrekta yalilala kwa mamia, yakingoja vipuri na mafundi ambao hawakutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, fedha zilizopotea zikiwa kama pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, na mvua ilikuwa mojawapo. Hata hivyo waliotangulia kununua matrekta kabla ya kuandaa karakana walipanda paa kabla ya ukuta.

Karakana za siku hizi katika Ufipa zina vyombo ambavyo mhunzi wa malungu hakuviona: jiriwa ya kubana, keekee ya umeme, mashine ya kulehemu, spana za kila kipimo. Wagonjwa wake pia wameongezeka. Iko mashine ya kusaga, ambayo ikilala siku mbili akina mama hurudi kwenye kinu; nyingi zilivutwa na injini za Lister za Uingereza, zenye mwendo wa polepole na gurudumu zito. Liko trekta. Na hapa fundi hukutana na shida ambayo nyundo haiiondoi. Matrekta ya zamani ya Kiingereza yana bolti za inchi, na mashine za baadaye zina za milimita. Nati ya inchi huweza kuanza kuingia katika bolti ya milimita, mtu akafurahi, akaikaza kwa nguvu, na meno ya zote mbili yakaharibika. Tena iko chuma cha kumimina, kama vile kasha la injini au la gia. Ukikilehemu kikiwa baridi hupasuka kandokando ya kiungo, wakati mwingine usiku wenye kazi wamelala, kikalia kwa sauti. Fundi mwenye akili hukipasha moto chote kwanza, hulehemu kidogo kidogo, kisha hukizika katika majivu makavu kipoe hata kesho yake. Majivu hayo nayo ni ya wazee.

Mwaka mmoja plau yangu mwenyewe ilivunjika ncha wakati mvua zimekwisha kuanza. Kwa kuwa nilikuwa na mshahara mfukoni, sikwenda kwa mhunzi. Nilikwenda mjini nikanunua ncha mpya katika duka moja. Nilipofika nyumbani matundu yake hayakulingana na ya plau. Jirani zangu walikuwa wameanza kupanda. Nikaibeba ncha ile kwa aibu, nikampelekea mzee mmoja wa hapa kijijini, nikamwomba radhi.

"Mwalimu," akasema, "duka halijui plau yako. Kaa hapo."

Mjukuu wake alizungusha gurudumu la baisikeli lililofungwa kwenye feni, nao ndio mvukuto wao. Mzee aliitia ncha motoni, akaitoboa matundu mapya kwa kipande cha pua kilichochongoka, akayasawazisha kwa tupa, akaiinamisha kidogo kwa mapigo matatu. Nikauliza bei. Akasema nimletee debe moja la ulezi baada ya mavuno, kama nitavuna. Kisha nikamwuliza alijifunza wapi. Akasema kwa baba yake, na baba yake kwa babu, naye babu alikuwa mtu wa malungu. Akainua nyundo akanionyesha upande wa kilima, kisha akairudisha kazini, maana nje walikuwa wameketi watu wanne wengine wenye plau.