Neno Lililobaki Nyuma

Kwenye kikundi chetu cha vijana kila mtu anamjua Messi, lakini Kihispania tulikuwa hatujui hata salamu. Siku niliyoleta kitabu kidogo cha mazungumzo, wavulana walitaka kitu kimoja tu: "nakupenda" inasemwaje? Te quiero. Nikawaambia quiero maana yake pia ni "nataka". Wakacheka mpaka basi. Kwetu ukimwambia binti wa watu "nakutaka", kaka zake watakutafuta.

Me parece, "naona mimi", ni ya kutolea maoni. Lo siento, "nalihisi", ni pole na samahani kwa pamoja. Hayo mepesi. Neno lililonizuia ni ojalá.

Mhispania husema ojalá akitamani jambo lisilo mikononi mwake: ojalá llueva, mvua inyeshe jamani. Husema hivyohivyo kwa jambo lililokwisha kumponyoka, pale sisi tunaposema "laiti". Wengi hudhani ni inshallah iliyopinda. Ni ndugu yake, siyo yenyewe. Limetoka katika Kiarabu cha Andalusia, law sha Allah, yaani "Mungu angetaka". Na laiti yetu nayo asili yake ni Kiarabu! Kumbe Mswahili na Mhispania wote waliazima kwa jirani mmoja neno la kutamania.

Sasa Kiarabu kilifikaje huko? Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na lugha yao ikasemwa Hispania kwa karne nyingi, sokoni na nyumbani, hata na Wakristo na Wayahudi. Januari 1492 Granada, dola ya mwisho ya Waislamu huko, ikaangukia mikononi mwa Fernando na Isabel. Machi ikatoka amri: Wayahudi waondoke kabla Julai haijaisha, isipokuwa atakayekubali ubatizo. Dhahabu, fedha na pesa taslimu, marufuku kutoka nazo. Lugha haikukaguliwa. Huko Thessaloniki na Istanbul wajukuu wao waliendelea kusema Kihispania kwa zaidi ya miaka 400.

Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili akawapa miaka mitatu wajifunze Kihispania. Baada ya hapo Kiarabu kisisemwe wala kuandikwa, hata ndani ya nyumba. Wakaasi katika milima ya Alpujarras, wakashindwa. Halafu kati ya 1609 na 1614 watu kama 300,000 wakafukuzwa, wengi wakaishia Morocco, Algeria na Tunisia. Mi hapo ndipo ninapochoka kabisa: baadhi yao walikuwa hawajui tena Kiarabu. Walifukuzwa kwa sababu ya asili ya mababu, wakafika ugenini wakisema lugha ya aliyewafukuza.

Ojalá halikufukuzwa. Lilikuwa limeshaingia vinywani mwa kila mtu, na pengine askari aliyewapandisha melini bandarini alikuwa akilisema mwenyewe, akitamani kazi iishe arudi kwake.

Mwaka 1615, mwaka mmoja tu baada ya hayo, Cervantes alitoa sehemu ya pili ya Don Quijote. Ndani yake yumo Mmorisko mmoja, Ricote, aliyefukuzwa, ambaye anarudi kwa siri amevaa kama mhujaji. Anakutana na Sancho, jirani yake wa zamani, na kumweleza kwamba popote walipo wanaililia Hispania, maana ndiko walikozaliwa. Sancho anaogopa kumsaidia, ila hamchongei. Ndugu zetu wa mashirika, someni hapo.

Bibi yangu huniuliza mambo kwa Kibembe, nami humjibu kwa Kiswahili. Hakuna mfalme aliyetupiga marufuku. Ni mazoea tu ya kambini. Juzi nikamuuliza, kwa Kibembe "laiti" mnasemaje? Akaacha kuchambua maharage, akafikiri, akalitamka. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto, nami nikaliandika ndani ya jalada la kile kitabu cha Kihispania, maana ndiyo karatasi niliyokuwa nayo.