Ajali ya Ndege ya Voi, 1931

Ajali ya ndege ya Voi ilitokea asubuhi ya Alhamisi, 14 Mei 1931, pale ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ilipoanguka punde tu baada ya kupaa kutoka Voi, mji ulio kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Walikufa wote wawili waliokuwamo: rubani Denys Finch Hatton, Mwingereza wa miaka 44, na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu.

Usuli

Finch Hatton aliishi kwa kuongoza misafara ya uwindaji. Mmoja, wa mwaka 1928, ulikuwa wa mwana wa mfalme, Edward, baadaye Edward wa Nane wa Uingereza. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya majaribio: alitaka kuona kama makundi ya ndovu yanaweza kutafutwa kutoka angani, badala ya kufuatwa nyayo kwa siku nyingi. Kwanza aliteremka pwani, alikokuwa na nyumba Takaungu, kaskazini ya Mombasa. Alipotua, kipande cha tumbawe kilirushwa kikachubua rafadha, ikabidi nyingine iletwe kutoka Nairobi. Rafiki yake Beryl Markham, aliyekuwa rubani, alialikwa safari hiyo, lakini mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimsihi asiende.

Ajali

Gipsy Moth ilikuwa na viti viwili vya wazi, mwili wa mbao, mabawa yaliyofunikwa kwa kitambaa na injini ya nguvu-farasi 100. Tangi la petroli lilikaa katikati ya bawa la juu, karibu na kichwa cha abiria. Kutoka pwani Finch Hatton alikuwa ameruka hadi Voi; alipoondoka huko, ndege ilipaa, ikazunguka, kisha ikaporomoka na kuteketea.

Kumbukumbu

Maiti ya Finch Hatton ilipelekwa Nairobi kwa treni na kuzikwa kwenye vilima vya Ngong, ambako nduguye alimjengea mnara. Mwandishi Karen Blixen, aliyekuwa mpenzi wake, na Markham waliandika kirefu habari zake. Kamau, aliyepoteza maisha kwa jaribio lisilokuwa lake, ametajwa kwa jina moja tu. Haki ya historia ni kuwataja wote wawili.

Matokeo

Baadaye Markham aliifanya kazi hiyohiyo ya kuwatafutia wawindaji ndovu kwa ndege. Tsavo, eneo linaloizunguka Voi, ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, matumizi yaligeuka: ndege ndogo zikaja kuhesabu ndovu na kuwasaka majangili.